TAHADHARI: Pete za ndoa za "18K" na "platinamu" zinazouzwa kwa picha, msipigwe changa la macho

Wakuu, kama kuna mtu anakaribia kufunga ndoa na anatafuta pete mtandaoni naomba asome hii kabla hajatuma hela. Kuna muuzaji mmoja, jina silitaji maana akaunti anabadilisha kila akishtukiwa, jina la leo kesho halipo, ila staili yake ni ileile na nikishaielezea mtamjua yeye na wenzake wanaomuiga. Anaposti picha kali za pete jozi jozi, ya bibi harusi anasema dhahabu nyeupe 18K (karati 18), ya bwana harusi anasema platinamu, ukiuliza mbona bei chee hivyo anakwambia mteja kaahirisha harusi, au anatoa moja kwa moja kiwandani, au stoku inaisha leo usiku. Ukimuuliza gramu anakujibu saizi. Ukirudia swali anakutumia picha nyingine ya muhuri ulioko ndani ya pete, ati "jionee mwenyewe".

Hapo kwenye gramu ndo pa kumkamatia. Dhahabu ina bei yake ya dunia inayotangazwa kila siku na mtu yeyote mwenye simu anaiona. Pete ya 18K ina dhahabu halisi asilimia 75, kwa hiyo pete ya gramu 6 ina gramu 4.5 za dhahabu tupu ndani yake. Chukua hizo 4.5 zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo, ukikuta anakuuzia pete nzima chini ya hapo jiulize huyu mtu anakula wapi, maana hata akiiyeyusha na kuuza kipande anapata zaidi ya anachokudai wewe, na bado hajahesabu kazi ya fundi. Hakuna mfanyabiashara wa hivyo.

Mimi kazi yangu ni usonara na mzigo wa huyu jamaa umeshaletwa mezani kwangu na watu tofauti tofauti, ila jozi moja ndo imenifanya niandike. Wenyewe ni wachumba, dada alitaka pete yake ipunguzwe kidogo, mwenzake alitaka ya kwake ipanuliwe maana ilikuwa inabana. Ndani ya ile ya dada kuna muhuri safi kabisa 750, yaani namba ya 18K, ndani ya ile nyingine PT950, namba ya platinamu. Mtu akiona zile namba roho inatulia. Mimi kabla sijaweka moto kwenye pete ya mtu lazima nijue ni kitu gani, kwa hiyo nikapima. Ya dada ikaja gramu 6. Nikaweka glasi ya maji juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, nikaifunga pete kwa uzi nikaizamisha ikaning'inia bila kugusa chini wala pembeni, vipovu nikavitikisa vikatoka, mizani ikasoma 0.70. Unachukua 6 unagawa kwa 0.70 unapata 8.6 hivi, yaani pete ni nzito mara 8.6 kuliko maji ya ukubwa uleule, na hapo ndipo inapokaa brasi, mchanganyiko wa shaba na zinki. Dhahabu nyeupe ya 18K inacheza kwenye 15 hadi 16, mizani ingesoma kama 0.4. Yaani hata silva haikuwa, silva ya 925 ingeleta 10 na pointi zake. Nikaomba ruhusa nikakwangua upande wa ndani kidogo kwa tupa, weupe ukatoka, chini njano inawaka.

Ila hapo kwenye rangi msikimbilie kuhukumu. Dhahabu nyeupe ya kweli nayo kwa kawaida inapakwa rodiamu, metali nyeupe, juu ili ing'ae, na ile ngozi ya rodiamu inalika, kwa anayeivaa kila siku mwaka mmoja au miwili unaanza kuona umanjano kwa mbali na unairudisha kupakwa tena. Ni kawaida, si utapeli. Utapeli ni kukwambia haitapauka maisha. Huyu jamaa anaandika "haipauki milele" kwenye kila tangazo na hicho peke yake ni kielelezo kwamba ama hajui anachouza ama anajua vizuri sana.

Ya bwana harusi sasa. Gramu 12, kwenye maji 0.80, hesabu inaleta 15. Platinamu ya 950 inatakiwa ivuke 20, ni metali nzito kweli, pete ileile ukiitengeneza kwa platinamu inazidi ya 18K kama theluthi nzima ya uzito. Nikaipitishia tupa, tupa ikateleza kama imegusa kioo, haikuacha hata alama. Platinamu tupa inaing'ata bila shida. Hiyo ilikuwa tungsteni kabaidi, na yule jamaa alishamuahidi mteja kwamba ikibana "tutaipanua bure". Aipanue na nini? Tungsteni kabaidi haipanuliwi wala haipunguzwi na fundi yeyote duniani, haivutiki, ukiilazimisha inavunjika vipande. Ukinenepa vidole unanunua nyingine.

Na sitaki mtu aondoke hapa anasema tungsteni ni feki. Ni metali nzuri tu kwa anayeielewa, ngumu mno, haichubuki hovyo, mtu anayefanya kazi za mikono inaweza kumfaa kuliko dhahabu. Ubaya ni kuuziwa kwa jina la platinamu na bei ya kukaribia platinamu. Na kuna la usalama humo humo, kidole kikivimba ghafla, pete ya dhahabu au silva inakatwa na kimsumeno kidogo cha hospitali, lakini tungsteni kile kimsumeno hakiingii, inabidi ibanwe na koleo la kujifunga mpaka ipasuke. Anayekuhudumia asipojua umevaa nini anapoteza muda anakata platinamu ambayo haipo.

Titaniamu nayo wanaichezea hivyo hivyo. Ni nyepesi sana, hesabu ya maji inaleta 4.5, ukiishika utadhani haipo, ni rafiki kwa ngozi, inakatika kwa msumeno ingawa kwa kusumbua, kubadilisha saizi ni kazi ngumu na mafundi wengi wanaikataa. Akija mtu na "dhahabu ya titaniamu" muulize ina dhahabu asilimia ngapi. Kimya.

Sasa mihuri. Watu wanauamini muhuri kupita kiasi. 999 ni 24K, 916 ni 22K, 750 ni 18K, 585 ni 14K, 375 ni 9K, silva nzuri ni 925, platinamu mara nyingi 950. Ni vizuri kuzijua kwa kichwa. Lakini kile kipande cha chuma cha kupigia namba ni kitu kidogo anachonunua yeyote, hakiulizi unampigia nani juu ya nini. Uingereza muhuri rasmi unapigwa na ofisi ya upimaji ambayo si ya muuzaji, utaratibu wenye mizizi kwenye sheria ya mwaka 1300, kwa hiyo pale alama ina mtu wa kuisimamia. Marekani hakuna ofisi ya namna hiyo, namba anaipiga mtengenezaji mwenyewe na sheria inamtaka aweke na alama yake ya biashara pembeni. Kwa hiyo namba peke yake bila alama ya aliyepiga ni maneno tu yamechorwa kwenye chuma.

Na angalia herufi zinazofuata namba, hapa watu wanalizwa na ukweli umeandikwa mbele ya macho yao. 18K GP, 18K GEP, 18K HGE, zote hizo maana yake ni maji ya dhahabu, ndani ni shaba au kitu kingine na juu ngozi nyembamba. Ukiona 1/20 14K GF, ni tabaka la dhahabu ya 14K lililogandamizwa juu, na lile tabaka ni sehemu moja ya 20 ya uzito wote, hiyo angalau inadumu, lakini sio pete ya dhahabu. Huyu jamaa kwenye picha anaweka kidole juu ya zile herufi za mwisho, inabaki 18K. Mwombe video aizungushe pete polepole kwenye mwanga uone muhuri wote mwanzo mpaka mwisho.

Majina pia. "Silva ya Kijerumani" au alpaka haina silva hata chembe, ni shaba, nikeli na zinki. Ukivaa na ngozi yako haipendi nikeli unawashwa, unatoka vipele, ngozi inachubuka chini ya pete, na muuzaji anakwambia itazoea. Haizoei, aleji ya nikeli ukishaipata unakaa nayo. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nikeli inayoruhusiwa kutoka kwenye kitu kinachogusa ngozi muda mrefu, mikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki, kwa hiyo sio mambo ya kujidekeza. Hata dhahabu nyeupe nyingine imechanganywa na nikeli badala ya paladiamu, ambayo ni metali nyingine nyeupe, uliza kabisa imechanganywa na nini, na akijibu "ni pyua" ujue hajui, dhahabu tupu ni ya njano haiwezi kuwa nyeupe.

Kuhusu vipimo vya mtaani. Sumaku inakamata wajinga tu, ikivuta ujue kuna chuma humo, isipovuta hujathibitisha chochote maana shaba, brasi, risasi na hata stenlesi nyingi hazivutwi. Kung'ata acheni jamani, risasi ni laini kuliko dhahabu ya vito. Kidole kuwa kijani nacho hakimaanishi feki moja kwa moja, shaba iliyomo kwenye 9K au kwenye silva inaweza kukuachia alama na pete ni halali kabisa. Tindikali, ile ya kudondoshea kwenye mkwaruzo uone kama metali inaliwa, ni nzuri ila inapima pale ulipokwangua, ukikwangua juu juu kwenye maji ya dhahabu mazito inakwambia dhahabu. Hata ile mashine ya eksirei wanayojivunia madukani inasoma juu juu tu, haifiki katikati. Mimi nasimama na mizani na glasi ya maji kwa pete tupu isiyo na jiwe na isiyo na uwazi ndani, mizani iwe inasoma pointi mbili za gramu kama hiyo 0.70, na hapo hapo nikipata wasiwasi naongeza tindikali kwenye sehemu iliyokwanguliwa vizuri. Hii ya maji inawakamata mpaka wale wajanja zaidi wanaopiga 750 kwenye pete ya 9K. Hao ndo wabaya kuliko wa brasi, maana rangi ipo, haichubuki, miaka inapita, unakuja kujua siku unaiuza. 9K inaleta kama 11, 18K ya njano ni 15 na zaidi, zinaachana mbali.

Yapo na mengine ya mizani nitayapita haraka. Kuna anayepima pete pamoja na mawe yake na kukuchaji uzito wote kwa bei ya dhahabu. Kuna cheni ambayo kile kifungio ni dhahabu kweli na kina muhuri wake, cheni yenyewe brasi. Kuna wa kubadilisha, anakuonyesha ya kweli, unaipima mwenyewe, anaichukua "kuisafisha na kuipaki" nyuma ya pazia inarudi nyingine kwenye kiboksi kizuri. Pima ikiwa ndo inaingia kwenye boksi, sio kabla.

Risiti ndo silaha yako kubwa. Yule jamaa kwenye risiti anaandika "pete 2, rangi ya dhahabu nyeupe", basi, na wale wachumba walipombana akawajibu kwa adabu kabisa kwamba ameuza rangi na rangi wamepata. Risiti iandike metali kwa jina, namba ya usafi, gramu za metali bila mawe, na neno kwamba ukipima kwingine ikaonekana tofauti hela inarudi. Anayeuza kitu cha kweli anaandika hayo bila kupepesa macho. Anayeanza kuuliza "kwani huniamini?" achana naye hapo hapo, hata kama pete umeshaipenda.

Kama umeshanunua, usiipeleke kupunguzwa wala kuchongwa majina, na usimrudishie muuzaji kwanza eti akague ndo arudishe hela, maana ushahidi wako ndo huo unaondoka na atakublock pete zikishafika. Piga picha muhuri wote, hifadhi chati na tangazo kabla hajafuta, peleka kwa mpimaji asiyehusika na mauzo akuandikie matokeo kwenye karatasi, kisha ndo uanze kudai, na kama ulilipa kwa kadi wahi benki maana madai yana muda wake.

Mwenye pete yenye mashaka na mizani ndogo aniandikie namba mbili tu, uzito ikiwa kavu na mizani inavyosoma ikining'inia kwenye maji, na aseme kama ina jiwe. Nitamjibu.