Kichujio gani kwa tangi la matumbawe? Nimevipanga vitano, kuanzia cha kununua kesho

Kabla hujatoa pesa, elewa kazi ya vichujio hivi. Havimalizi uchafu, vinaukamata tu na kuukusanya mahali pamoja. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula yakinasa kwenye sponji bado yamo majini, yanaoza, yanatoa amonia, na mwisho wake ni nitrati na fosfati zinazonenepesha mwani na kuyadhoofisha matumbawe. Uchafu unatoka siku ile unapoutoa kwa mkono wako. Ndiyo maana nimevipanga kwa swali moja: kipi kinamrahisishia mtu wa Kisumu, mwenye joto la mchana na stima ya kubahatisha, kuutoa mapema?

Cha kwanza ni faiba nyeupe ya kujazia mito. Najua wapo watakaoshangaa, lakini nimeitumia kuliko kitu kingine chochote na sijaona sababu ya kuiacha. Nenda soko la Kibuye kwa wauza mito, uombe ya polista tupu, isiyo na rangi wala manukato wala dawa ya kuzuia moto. Ukifika nyumbani, loweka konzi moja kwenye ndoo ya maji safi usiku kucha. Asubuhi koroga kwa mkono. Ukiona povu, au maji yakiteleza vidoleni, hiyo ibaki ya mto.

Kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kitandaze ndani ya kikapu cha plastiki chenye matundu, mahali maji yanapoangukia kutoka tangi la juu kwenda sampu, yaani tangi la chini la vifaa. Usikishindilie, maana maji hutafuta njia rahisi na yatapita pembeni bila kuchujwa. Siku ya kwanza kitakuwa cheupe pe. Siku ya pili rangi ya chai ya maziwa. Siku ya tatu ni kahawia kama mto Nyando baada ya mvua, na hapo unakitoa, unakitupa, unaweka kingine. Hakuna kufua. Kwa mtu anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni akiwa amechoka, kutofua ndiko kunakofanya kazi ifanyike kweli.

Cha pili ni soksi ya kuchujia, mfuko unaowekwa pale pale maji yanapoangukia sampu. Inachuja vizuri na kwa usawa kuliko faiba, na ingeshika namba moja kama si kufua. Zinauzwa kwa maikroni. Maikroni 1,000 ni milimita moja, kwa hiyo soksi ya 200 inanasa chembe za sehemu ya tano ya milimita. Nunua hiyo ya 200. Ile ya 100 inang'arisha maji kwa haraka, ila inaziba upesi, na ikiziba maji hufurika juu ya ukingo na kurudi na uchafu wake. Pima tundu la kishikio chako kabla ya kuagiza, kwani kuna za inchi 4 na za inchi 7. Penye nafasi, chukua kubwa. Nunua angalau nne: moja kazini, moja ya akiba, mbili kwenye kamba. Ya wavu wa nailoni husafishika haraka kuliko ya kitambaa kizito.

Badilisha kila baada ya siku tatu, nne ukizidisha. Kuifua: igeuze ndani nje, ipige maji ya bomba kwa nguvu mpaka tope litoke, iloweke kwenye maji yenye jiki kidogo, isuuze mara kadhaa, kisha ianike juani hadi harufu ya klorini iishe kabisa. Sabuni isiiguse. Hata mabaki kidogo yataitoa skima povu mpaka ifurike.

(Skima yenyewe sikuiweka kwenye orodha. Kazi yake ni kutoa uchafu ulioyeyuka, kwa viputo vya hewa. Inafanya kazi bega kwa bega na vichujio hivi, haviwezi kushika nafasi yake.)

Cha tatu ni kichujio cha utepe, kile chenye mota inayoviringisha kitambaa kipya kila kilichopo kinapoziba. Uchafu unatolewa majini wenyewe, bila wewe. Kwa ubora peke yake ningekiweka juu. Lakini ni ghali, tepe zake sijawahi kuzipata dukani hapa mjini, na baadhi ya aina hazikubali tepe za kampuni nyingine. Ukikinunua, nunua na tepe za miezi kadhaa siku hiyo hiyo.

Sponji ni ya nne. Ni rahisi, inadumu, na hapo ndipo tatizo lilipo: kwa kuwa haitupwi, watu huisahau. Kama huwezi kuikamua mara mbili kwa wiki, iache.

Cha mwisho ni kichujio cha mtungi, ndicho nilichoanza nacho mimi, na kiliniumiza. Stima ilipotea kuanzia asubuhi mpaka usiku, siku ya joto kali. Maji ndani ya mtungi uliofungwa yalisimama, oksijeni ikaisha, bakteria wazuri wakafa. Stima iliporudi nimelala, pampu ilisukuma yale maji yote tangini. Alfajiri nilikuta samaki wangu wawili wakihema juu ya maji na tumbawe laini limejikunja kama ngumi. Nilipofungua mtungi, nyumba nzima ilinuka mayai viza.

Ikiwa tayari unao, usiutupe. Utumie siku moja moja, ukiwa umetibua mchanga, ukiwa umejaza faiba mpya ndani, kisha uutoe na kuusafisha. Ukiuacha ukifanya kazi daima, ufungue kila wiki na usuuze vijiwe vyake, vile wanavyokaa bakteria, kwa maji ya tangi lenyewe, si ya bomba. Na stima ikipotea kwa saa moja au mbili, chomoa plagi yake kwanza. Ikirudi, mwaga maji yaliyomo, jaza mapya ya chumvi, ndipo uuwashe.