Nilipeleka picha ichapwe, wakabadilisha udongo

Nimechapisha picha mbili kwenye duka moja hapa mjini, jina sitalitaja. Karatasi nzuri, fremu nzuri, hata bei sina neno nayo. Lakini yule kijana wa kwenye kompyuta, Mungu anisamehe.

Picha zenyewe ni za vijijini Marekani miaka ile ya dhiki. Serikali yao, kupitia Farm Security Administration, idara ya kusaidia wakulima maskini, ilituma wapiga picha mashambani. Nyingi ni nyeusi na nyeupe, ila za rangi zipo kama 1,600, za 1939 hadi 1944, na Maktaba ya Bunge la Marekani inazitoa bure mtandaoni. Niliyoitaka ukutani ni ya Jack Delano, mmoja wa wapiga picha hao, 1941: watu wanalima pamba kwa majembe, shamba la kukodi, Greene County, Georgia. Udongo mwekundu. Huo udongo ndio picha yenyewe! Pamba imeunyonya miaka na miaka hadi umechoka, na wao bado wameinama juu yake, tena ardhi si yao.

Nafungua bahasha: udongo wa chungwa, kama Fanta. Nguo zinawaka. Nauliza kulikoni.

"Mzee, ilikuwa imepauka, nimekung'arishia. Wateja wote wanapenda hivyo."

Imepauka! Kodachrome, filamu ya rangi waliyotumia, ikitunzwa gizani haipauki ovyo, ndiyo maana slaidi zile hadi leo zina rangi zake. Nikamweleza vizuri tu. Yeye macho kwenye simu: "Sasa hawa si maskini tu, mzee? Rangi ya nini?"

Hapo nikachemka. Kwani maskini wanaishi kwenye kijivu? Kule Pie Town, New Mexico, Russell Lee, mwenzake Delano, aliikuta familia moja mwaka 1940 inaishi kwenye nyumba ya kuchimbia ardhini, dirisha kubwa wamelitengeneza kwa vioo vya mbele vya gari bovu lililowaleta kutoka Texas. Akawapiga kwa rangi, na kila kiraka kinaonekana. Huyu kijana wetu angewavisha nguo mpya.

Akasema nikitaka ibaki "na uchafu wake" nilipe tena. Nikamwita bosi. Bosi naye: "Huyo ndiye fundi wetu bora." Basi.

Ila niseme kweli, picha ya pili, ya maonyesho ya jimbo la Vermont kule Rutland, Delano huyohuyo, imetoka safi mno. Wageni wote wanaisifia. Labda hakuigusa. Au kaigusa na sijagundua, jambo linaloniudhi zaidi.

Kwa hiyo nyota tatu: mashine zao ni nzuri, hilo siwanyimi. Nendeni, ila waandikieni kwa herufi kubwa USIGUSE RANGI, na msimame hapohapo wakati anachapa.

Hapana. Nimeitazama tena ile ya pamba sasa hivi. Nyota moja. Msiende.