Desktop ya i5 au laptop ya i3, ipi ya nyumbani?

Nilipotafuta mashine ya nyumbani hapa Nkuhungu, Dodoma, nilibakiwa na mbili, zote used: desktop yenye prosesa ya Intel Core i5 gen (kizazi) ya 4, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) GB 8, disk ya GB 500, na laptop ya Core i3 gen ya 8, RAM GB 4, SSD (disk ya kasi ya chipu) ya GB 128.

Kwa nguvu desktop iko juu, prosesa yake ina kore (vitengo vya kufanya kazi) 4 kamili na laptop ina 2 tu, na kuongeza RAM au kubadili disk ni bisibisi moja. Ila umeme ukikatika ndo basi, kazi ambayo hujasevu imeenda, labda ununue UPS (betri ya akiba), halafu hili vumbi letu la kiangazi jamani, nilifungua kasha nikakuta feni imevaa blanketi jekundu kabisa, ndo maana ilikua inanguruma.

Laptop inawaka chapchap sababu ya SSD, na Windows 11 inaikubali, desktop haikubaliki maana Microsoft wanataka Intel gen ya 8 kwenda juu, na Windows 10 waliacha kuihudumia Oktoba 2025.

Mi nilichukua laptop, nikaiongezea RAM ikawa GB 8.