Printa yangu ya picha: kilichonifanya niibadilishe

Hapa Dodoma nachapa picha za harusi na mahafali kwa printa ya wino ya inchi 17, zile zenye katriji za mililita 80. Imenihudumia miaka mingi, na kwa rangi sina neno: ngozi nyeusi inatoka ilivyo, haigeuki kijivu, na shela nyeupe haipotezi mikunjo yake. Umri peke yake usingenifanya niiache. Wino ndio ulionishinda.

Wino wa pigmenti ni chembe za rangi ndani ya majimaji. Majimaji yakikauka kwenye matundu ya hedi, yaani kichwa kinachorusha wino kwenye karatasi, chembe zinaganda na kuziba. Kiangazi chetu ni kikavu na kina vumbi, na umeme ukikatika katikati ya kazi, hedi inabaki wazi bila kifuniko. Unaiamuru printa isafishe hedi, nayo inafyonza wino mzuri na kuumwaga kwenye tangi la taka. Wino huo umeulipia!

Wenzangu wa studio, chapeni ukurasa wa majaribio mara kwa mara na mtazame mapengo yanakaa wapi. Yakihamahama, leo kwenye sayani (ile buluu ya printa), kesho kwenye njano, mara nyingi ni hewa au uchafu, na printa bado inatibika. Yakiganda palepale hata baada ya kusafisha na kuiacha ilale, shaka hedi yenyewe. Yangu yaliganda. Fundi akanitajia bei ya hedi mpya pamoja na ufundi, ikawa inakaribia printa nyingine, na pampu ikifa hana uhakika wa spea. Wino mwingi ulikuwa unaishia kwenye tangi kuliko kwenye karatasi. Nikanunua nyingine.

Hii mpya ina upana uleule, ila rangi nyeusi ya karatasi ya kung'aa na ile ya karatasi ya mati, isiyong'aa, kila moja ina njia yake ya wino. Kwenye ya zamani zilitumia njia moja, na kila nilipobadili karatasi wino ulipotea. Hilo tu limenifurahisha kuliko yote. Katriji zake ni ndogo, mililita 50, kwa hiyo mwenye kazi nyingi za kila siku apige hesabu kwanza.

Kama yako bado inatoa ukurasa safi, kaa nayo. Izime kwa kitufe chake, siyo ukutani, ili hedi ifunikwe, na kazi zikipungua ichapishe picha yenye rangi zote kila wiki.