Niliwapa Catalina nyeusi iliyochakaa, wakanirudishia mdoli unaong'aa

Msipeleke. Naanza na hukumu ili asiye na muda wa kusoma aondoke nayo. Kama una modeli ya ndege, ya meli, ya chochote ulichokipaka rangi kwa mkono wako mwenyewe, usiipeleke kwenye ile gereji ya kupuliza rangi za magari hapa Mtwara mjini ambayo kila mtu anaisifia. Jina silitaji. Wenye magari mnaijua.

Ndege yenyewe ni Catalina, zile zinazotua majini, kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, ncha ya bawa hadi ncha ya bawa sentimita 44 hivi. Mimi nimezaliwa Lindi, na wazee wa Lindi wanajua kwamba mji ule mdogo ulikuwa kituo cha ndege za majini. Kuanzia 1937 ndege za Imperial Airways, shirika la ndege la Waingereza, zilizokuwa zikienda Durban zilitua pale kwetu, maji yale yale tunayovulia samaki. Wakati wa vita vya pili Catalina za Waingereza zikaweka kambi Dar es Salaam. Hizo hazikuwa nyeusi. Nyeusi zilikuwa za jeshi la majini la Marekani, zilizowinda meli usiku kule Pasifiki tangu vita vya kisiwa cha Guadalcanal, mwishoni mwa 1942. Waliziita Paka Weusi. Ndizo nilizotaka kuiga, zikiwa zimeshapigwa jua na maji ya bahari kwa miezi mingi.

Wasioifanya kazi hii niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa hasira yangu. Nyeusi ndiyo rangi ngumu kuliko zote kuichakaza. Ndege ya kijani ukitaka ionekane kuukuu, unaitia giza kwenye maungio ya mabati, basi. Nyeusi utaitia giza gani? Nyeusi inachakaa kuelekea kwenye weupe. Jua linaivuta iwe kijivu, chumvi inaacha michirizi, oili inaacha madoa ya kahawia. Hata moshi wa injini, ambao kwenye ndege nyeupe ungeonekana mweusi, kwenye nyeusi unaonekana rangi ya majivu, kwa sababu petroli ya ndege za wakati ule ilitiwa madini ya risasi na mabaki yake ni kijivu hafifu. Kwenye Catalina michirizi hiyo inapita juu ya bawa, nyuma ya kila injini. Ukiipaka nyeusi tupu ya kopo, umemaliza kazi: utapata kivuli cha ndege, siyo ndege.

Kwa hiyo sikugusa nyeusi tupu. Nilichanganya nyeusi na kijivu na bluu kidogo, nikatofautisha bati na bati, sehemu za juu zinazopigwa na jua nikazipausha zaidi kuliko tumbo. Nilikwenda Mikindani kuangalia mashua zilizopakwa nyeusi ubavuni, nione pale maji yanapopanda na kushuka rangi inakuwaje. Inakuwa na ukanda wa weupe wenye kijani kwa mbali, juu yake nyufa, juu zaidi michirizi ya mvua. Nikauweka ukanda huo kwenye tumbo la Catalina yangu, kwa rangi ya mafuta niliyoizimua, tone moja moja, brashi nyembamba.

Na pale rangi ilipobanduka nilitumia chumvi. Chumvi ya kweli, ya mashamba ya chumvi ya kwetu Lindi, nikaisaga. Unapuliza kwanza bluu-kijivu, rangi ambayo ndege hizo zilitoka nayo kiwandani kabla ya kupakwa nyeusi. Unalowesha, unanyunyiza chumvi sehemu ambazo mabaharia walikanyaga na kuburuta kamba, unapuliza nyeusi juu yake. Ikikauka unaifuta chumvi kwa brashi ngumu, na bluu inachungulia. Jioni nyingi zilikwenda hapo. Mke wangu alikuwa anapita ananiuliza, "Baba, bado tu unaichafua?" Lakini na yeye siku ilipokamilika aliitazama, akanyamaza, kisha akasema inaonekana imetoka safari. Hakuna sifa kubwa zaidi ya hiyo.

Ilibaki hatua moja. Kliya ya mati, yaani rangi angavu isiyong'aa, ya kuifunga kazi yote, isifutike kwa kidole. Kompresa yangu ndogo ilikuwa imeungua baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, na kwa hewa hii yetu ya pwani kliya ikipulizwa bila chujio zuri la unyevu inapata ukungu mweupe usiotoka tena. Gereji ile ina kompresa kubwa, ina chumba kilichofungwa, ina machujio. Nikaona ndiyo pahala pa uhakika. Nikamweleza fundi mkuu kwa mdomo, na juu ya boksi nikabandika karatasi kwa herufi kubwa: KLIYA YA MATI TU. USIFUTE. USIOSHE. USIPAKE RANGI. Nikalipa shilingi 25,000 kabla ya kazi, tena bila kuomba punguzo.

Nilipoifuata, fundi alinipokea kwa tabasamu. "Karibu kaka. Tumekusafishia mpaka imetakata."

Imetakata. Walikuwa wameifuta yote kwa thina. Chumvi, ukanda wa maji, moshi, bluu iliyochungulia, kila kitu. Kisha wakapuliza nyeusi ya gari, na juu yake kliya ya kung'aa, ile ya kuchanganya na haidina, dawa ya kuigandisha. Iling'aa kama sufuria ya bibi harusi. Nilijiona sura yangu kwenye bawa. Na thina ya magari haina urafiki na plastiki: vichwa vya ribiti, vile vipini vidogo vinavyoshikilia mabati, ambavyo kiwanda kilivichonga kimoja kimoja, vimelainika vikaliwa, na maungio ya mabati yamefukiwa na rangi nzito.

Nikamuuliza, "Fundi, karatasi hukuiona?"

"Karatasi ipi? Kaka, wewe umeleta ndege chafu. Mtu akileta gari lina matope, nipulize kliya juu ya matope?"

"Hayakuwa matope. Nimeyapaka mimi."

Akawageukia vijana wake na wateja wawili waliokuwa kwenye benchi. "Mnamsikia? Anapaka uchafu kwa makusudi." Wakacheka. "Nyeusi ni nyeusi, kaka. Halafu mtu mzima kugombania mdoli mbele za watu, haipendezi."

Ningeweza kuvumilia kazi iliyoharibika. Mafundi wanaharibu, mikono ni ya binadamu. Lakini kunicheka mbele ya watu, kwenye kitu nilichokilipia, na kuita mdoli kitu ambacho hakuuliza hata ni nini? Niliondoka bila kuaga. Mimi ni mtu ninayeaga.

Sasa nitasema haki. Nilipotulia nikaiweka dirishani nikaikagua. Hakuna tone lililochuruzika. Hakuna punje ya vumbi, na huu ndio mji ambao malori ya makaa ya mawe yanaelekea bandarini mchana na usiku na kila dirisha lina masizi. Tabaka limelala sawasawa hadi kwenye kona za ndani za mkia, mahali ambapo mimi mwenyewe huwa napata shida. Yule fundi mzee ana mkono. Na zipo ndege nyeusi zilizong'aa kweli. Wamarekani walipojaribu rangi chini ya taa za kurunzi waliona nyeusi ya kung'aa inafichika kuliko ya mati, kwa sababu inautupa mwanga pembeni badala ya kuutawanya kila upande, mwingine ukamrudia anayemulika. Ndiyo maana P-61, ndege yao ya kivita ya usiku, ilipakwa nyeusi ya kung'aa. Waingereza nao walikuwa na nyeusi moja ya mati mithili ya masizi, wakaipaka ndege zao za kivita za usiku, Mosquito, wakagundua kwamba ukwaru wake unaipunguzia ndege mwendo. Kwa hiyo ningempelekea P-61 mpya ya kutoka kiwandani leo, ningeandika hapa nyota tano. Niliandika hata sentensi ya kuwaambia kwamba kwa bampa na milango ya gari nendeni bila wasiwasi, tatizo lake ni modeli tu, mzee hajui modeli, asamehewe.

Sentensi hiyo naifuta.

Juzi juzi nimekutana na msaidizi wake mmoja, kijana mpole, pale Ligula. Yeye ndiye aliyenifuata. "Shikamoo kaka. Nisamehe kwa ile ndege." Nikamwambia wewe hukunikosea. Akasema, "Karatasi niliisoma mimi, kwa sauti. Fundi akasema huyu hajui anachotaka, akiiona inang'aa atafurahi." Kijana alimwomba waniulize kwanza kwa simu. Namba yangu ilikuwa juu ya boksi. Fundi akamwambia ashike thina.

Kumbe karatasi ilisomwa! Basi suala siyo kwamba mzee hajui modeli. Alijua ninachotaka, neno kwa neno, akaamua kwamba matakwa yangu hayana maana, kisha akaniuliza "karatasi ipi" huku ananitazama usoni. Mtu wa namna hiyo na gari lako atalifanyia hivyo hivyo. Utamwambia gusa mlango huu tu, rangi iliyobaki ni ya kiwandani, ataamua wewe hujui thamani ya kung'aa. Siku hiyo utakumbuka uliyasoma haya.

Nilirudi kudai shilingi 25,000 zangu. Amekataa, anasema kazi imefanyika na kliya ya kung'aa ni ghali kuliko ya mati, eti amenipendelea. Nitaipiga ndege msasa namba 2000, nitaanza upya na kijivu na bluu, chumvi ninayo. Ribiti hazitarudi, plastiki ikishayeyuka imeyeyuka. Kliya ya mati nitapaka kwa brashi, taratibu, asubuhi ambayo hewa ni kavu, hata kama itaacha alama za brashi.

Nyota moja, na hiyo ni ya yule kijana aliyeisoma karatasi.