Kimashine cha kupimia yuriki asidi nyumbani: kizuri, ila kilinidanganya mara moja

Nimekaa nacho miezi minane kwa hiyo naweza kukisemea. Ni kile kidogo cha kujitoboa kidole kama cha sukari, ila hiki kinapima yuriki asidi, ile taka ya kwenye damu ambayo ikizidi inaweza kuleta gauti. Nilikichukua Kariakoo laki na thelathini baada ya gauti (wazee wanaita jongo) kunishika kidole gumba cha mguu saa nane usiku, yaani shuka tu likigusa unapiga kelele, nikalala mguu uko nje ya neti mbu wakajilia zao.

Kukitumia rahisi. Unachomeka stripu, tone la damu, jibu hilo. Siku ya kwanza kikaandika 482, mke wangu nusura aite bajaji. Kumbe kilikuwa kimesetiwa kipimo cha mikromo (mikromoli kwa lita) na karatasi yangu ya maabara ilikuwa ya miligramu (kwa desilita), unagawanya kwa 60 hivi, kwa hiyo ilikuwa kama 8. Bado nyingi lakini sio ya kuandika wosia. Kijitabu chake hakisemi chochote kuhusu hilo na muuzaji mwenyewe alikuwa hajui.

Sasa kule kudanganywa. Mwezi wa tatu kifundo kikavimba, nikapima, 5.8. Nikajisemea basi hii sio gauti, nimeteguka, nikakandwa na maji ya moto na usiku wake sitaki hata kuukumbuka. Dokta akacheka, akasema gauti ikiwa imewaka kiwango kwenye damu mara nyingi kinashuka, subiri wiki 2 au zaidi maumivu yaishe ndo upime. Nikarudia, 7.9! Halafu shemeji yangu kajipima kwa utani kapata 8.5 na hajawahi kuumwa hata kidole, akaambiwa wako wengi wa hivyo na hapewi dawa kwa ajili ya namba tu. Yuriki asidi ikizidi 6.8 hivi damu inashindwa kuiyeyusha yote, ndo vichembe kama sindano vinaweza kujijenga kwenye jointi, hasa za miguu huko kwenye ubaridi, ila sio kila mtu vinamlipukia. Uhakika ni kuvutwa maji ya jointi yakaangaliwe kwenye hadubini, kimashine hicho hakiwezi na kisikudanganye.

Pale kinaponifaa ni kwenye kufuatilia dawa. Nilianzishiwa alopurinoli (dawa ya kushusha yuriki asidi) miligramu 100 ikawa inapandishwa taratibu, lengo ni kushuka chini ya 6, na mimi napima kila mwezi: 7.9, 7.1, 6.4, juzi 5.6. Kabla ya hapo niliacha bia, maini na kitimoto miezi miwili mizima (mateso hayo!) ikashuka kidogo sana, kumbe kwa wengi wetu tatizo kubwa ni figo kutoitoa vizuri, na kile kidonge cha presha cha kukojoza nilichokuwa nameza kilikuwa kinaongezea.

Malalamiko yangu ni stripu. Bei zake zinauma na chupa ya pili niliuziwa imebakiza wiki tatu kuexpaya, kistika cha bei kimebandikwa juu ya tarehe kabisa, nimekuja kukibandua nyumbani kwa kucha.

Mashine nyota 4, stripu 2. Anayejua duka Dar lenye stripu zenye tarehe ndefu aniambie, nimebakiwa na sita tu.