Gari la mkononi Tanga: achana na cc, piga hesabu ya hosipawa kwa tani

Shemeji yangu alikuwa anatafuta gari. Mizunguko yake ni hapa hapa mjini, Ngamiani kwenda Raskazone na kurudi, lakini mkewe kwao ni Lushoto. Kila sikukuu ni Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, halafu zile kona za kupandia Soni, gari limejaa watu, nazi na samaki. Kushuka ni kabichi na pea. Dalali akamwonyesha IST nyeusi, imeng'arishwa mpaka unajiona sura. "Hii cc 1,500, bosi wangu. Soni inapanda huku inaimba."

Mimi nafundisha fizikia, kwa hiyo kila mwenye kununua gari katika ukoo huu hunipitia kwanza. Niliyomweleza shemeji ndiyo haya, pamoja na orodha yangu ya magari ambayo watu wa Tanga wenye mfuko wa kawaida huyagombania.

Kwanza, cc. Hicho ni kipimo cha ujazo wa silinda, basi. Ukubwa wa sufuria haukuambii wali umeiva. Injini mbili za cc sawa zinaweza kutofautiana nguvu, na injini moja ikiwekwa kwenye magari mawili ya uzito tofauti, moja litachanganya haraka na jingine litajikokota. Cha kuuliza ni hosipawa, yaani nguvu ya farasi, halafu uzito.

Hosipawa ilianzia kwa James Watt, yule Mskoti wa karne ya 18, alipotaka kuwashawishi watu waliozoea farasi wanunue injini za mvuke. Hosipawa inayoandikwa kwenye karatasi za magari ya Kijapani ni ile ya vipimo vya mita: kuinua kilo 75 kwa mita moja kila sekunde. Chukua mfuko mmoja na nusu wa saruji, upandishe mita moja, na sekunde inayofuata mita nyingine, bila kupumzika. Hiyo ni hosipawa moja, wati 735.5. Ya Kiingereza ni wati 745.7, kwa hiyo usishangae gari moja likiandikwa 109 huku na 107 kule. Hujaibiwa.

Namba ya pili ni nguvu ya kuzungusha, ile inayoandikwa Nm. Hesabu inayoziunganisha ni fupi: Nm zidisha kwa mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa 7,024, unapata hosipawa. Chukua injini ya 1NZ-FE ya cc 1,500, iliyomo kwenye nusu ya magari madogo ya mji huu. Inatoa Nm 141 kwenye mizunguko 4,200. Piga: hosipawa 84. Na zile 109 za kwenye tangazo? Zipo, lakini kwenye mizunguko 6,000, mguu umefika sakafuni na injini inapiga kelele. Mtu anayeendesha kwa mizunguko 2,000 anatembea na theluthi mbili hivi ya farasi wake wamelala bandani.

Sasa gawa hosipawa kwa tani, na uzito uwe wa gari lililopakiwa, maana Lushoto huendi peke yako. Mimi huongeza kilo 300: watu wanne na mizigo yao. Uzito wa magari hutofautiana kidogo kwa toleo, kwa hiyo chukua namba hizi kama za karibu.

Ninayoiweka juu ni Probox ya cc 1,500. Najua, ina sura ya kubebea mikate. Lakini hosipawa 109 kwa gari la kilo 1,050 hivi ni 81 kwa tani ikiwa imejaa, nyuma inapokea mizigo bila kununa, na hakuna fundi wa gereji ya Tanga asiyeijua injini hiyo. IST ya cc 1,500 ina injini ile ile, uzito karibu ule ule, jibu lile lile. Kwa hiyo zinafungana, na mwenye kujali macho ya majirani achukue IST. Ila angalia: IST ya kwanza, iliyotoka 2002 hadi 2007, ilikuja na injini mbili, na kwa nje ni pacha. Fungua boneti, tafuta kile kibati cha namba. NCP60 ni cc 1,300. NCP61 ni cc 1,500. NCP65 ni cc 1,500 inayovuta kwa tairi zote nne. Hiyo ni nzito zaidi na ina hosipawa 105.

Baada ya hapo naweka Premio ya 2001 hadi 2007 yenye cc 1,500. Farasi ni wale wale 109, ila uzito umeongezeka, unapata kama 78 kwa tani. Unaupoteza mchanganyo kidogo, unapata kiti cha mtu mzima na safari ya Dar isiyokuvunja mgongo. Kwa mwenye mzee nyumbani, hili ningelipandisha likawa la kwanza.

RAV4 ya 2000 hadi 2005, cc 2,000, hosipawa 152, inafika 96 kwa tani. Kwa hesabu tupu ndiyo ya kwanza. Nimeishusha kwa sababu mafuta inayokunywa mjini hayalingani na kazi ya Ngamiani na Raskazone, na ile injini ya D-4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda inataka mafuta safi na fundi anayeielewa. Kama shamba lako liko Amani na unapita njia ya udongo masika, puuza nilichosema, inunue.

IST ya cc 1,300: hosipawa 87, yaani 66 kwa tani. Si mbaya hata kidogo kwa mjini. Noah ya cc 2,000 ni ya wenye familia kubwa; ikiwa tupu inajiona, ikibeba watu saba inashuka hadi 76.

Mwisho ni Passo ya cc 1,000, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo watu wanayoigombania kwa bei na ulaji mdogo wa mafuta. Hosipawa 71, gari la kilo 900, ikijaa ni 59 kwa tani. Tuseme uko juu ya Mombo, mlima wa asilimia 10, yaani kila mita 100 unapanda mita 10, na unataka kwenda 40 kwa saa. Kuinua tani 1.2 kwa kasi hiyo kunataka hosipawa 18 kwenye tairi, na msuguano wa barabara na upepo unadai nyingine 3. Jumla 21. Utasema mbona ninazo 71. Haya, kwenye mizunguko 2,000 injini hiyo inakupa kama Nm 85, ambazo ni hosipawa 24. Hewa hupungua kadiri unavyopanda, na injini isiyo na tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, hupoteza karibu asilimia 3 kwa kila mita 300; ukikaribia Soni umebaki na 21. AC inachukua 3. Gia boksi nayo inakata chake kabla nguvu haijafika kwenye tairi. Umebaki na 15 au 16, na mlima unadai 21. Ndiyo maana gari linarudi gia ya chini na kulia kwenye mizunguko 4,000. Halijaharibika, linatafuta farasi wake. Litafika, ila utalisikia njia nzima, na lori likiwa mbele yako utakaa nyuma yake.

Hilo la lori lina hesabu yake, na ndiyo inayonitisha zaidi ya mlima. Ili ulipite, kutoka 60 hadi 80 kwa saa, kila kilo ya gari inataka jouli 108 za nishati. Gari la kilo 1,300 linataka jouli 140,000. Kilowati moja ni jouli 1,000 kila sekunde, kwa hiyo nguvu iliyobaki kwenye tairi ikiwa kilowati 35, ni sekunde 4. Ikiwa kilowati 20, ni sekunde 7. Katika zile sekunde 3 za ziada, basi linalokuja mbele yako kwa 80 limekula mita 67, na wewe umekula karibu kiasi hicho hicho ukilifuata.

Turudi kwa ile IST nyeusi. Kadi ya gari ilikuwa "nyumbani kwa mwenyewe", na dalali alitaka tumalize pale pale. Nikamwomba tulijaribu kwanza. Jumapili asubuhi na mapema tukatoka mji, tukapita Pongwe, tukatafuta kipande tambarare kisicho na watu. Shemeji anaendesha, mimi nimeshika simu mbili: moja inasoma kasi kwa satelaiti, maana dashibodi nyingi husoma juu kidogo ya kasi halisi, nyingine ni saa ya kuhesabu sekunde. Gari linakwenda taratibu, likigonga 40 anakanyaga mafuta yote, likigonga 80 naizima saa. Tukarudia tukielekea mjini, kwa sababu kusi ilikuwa inavuma na mwinuko ambao jicho halioni unaweza kukudanganya. Ukichukua wastani wa kwenda na kurudi, mambo hayo mawili karibu yanafutana.

Ikaja sekunde 8.1. Kutoka 40 hadi 80, kila kilo inataka jouli 185. Gari na sisi wawili ni kilo 1,160, kwa hiyo jouli 215,000 hivi. Gawa kwa 8.1, unapata kilowati 26.5. Ongeza kilowati 4 na nusu za upepo na msuguano, inakuwa 31, ambazo ni hosipawa 42. Kwa otomatiki ndogo nilizopima, wastani huu huangukia karibu nusu ya namba ya kwenye karatasi, kwa sababu injini haikai kileleni muda wote na gia boksi ina ushuru wake. Mara mbili ya 42 ni 84. Gari la hosipawa 109 lingemaliza kwa sekunde 6 hivi.

Hapo kuna mawili: injini ya 1,500 iliyochoka, au injini ya 1,300 iliyo nzima. Tulipofika kwa dalali nikafungua boneti, nikafuta kibati kwa kidole. NCP60.

"Mwalimu," dalali akasema, "hata mimi niliambiwa hivyo hivyo."

Sikubishana naye. Nilimwambia injini ni nzima na bei ni ya gari jingine. Walivutana mpaka adhuhuri, bei ikashuka, shemeji akalichukua, na mimi nilimwunga mkono, maana siku nyingi za mwaka gari lake litapanda mwinuko wa Raskazone tu. Sikukuu iliyofuata akanipigia akiwa Soni, sauti ya maporomoko inasikika nyuma yake.

"Shemeji, nimezima AC kuanzia Mombo."

"Mke wako je?"

"Amefungua dirisha. Hataki kusikia habari za farasi."